Kibao Kilichoshikilia Mlango

Paukwa.

Pakawa.

Nyie wa nyuma mmeitikia kama mnaumwa. Paukwa tena.

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na mwanamke, Mwanapili, mpika mikate ya kumimina. Mikate hiyo haipikwi bila tui, na kibao chake cha kukunia nazi alikirithi kwa bibi yake. Bibi alikuwa na nyonga mbovu, akakalia upande mmoja miaka hamsini, mpaka kiti cha kibao kikalika kushoto kama kipande cha sabuni. Mwanapili alijifunzia hapo hapo, akazoea.

Asubuhi moja akaamka, kibao hakipo. Siku ya kwanza hakupika. Siku ya pili hakupika. Siku ya tatu wateja wake wakahamia kwa jirani. Akasikia Bwana Ngawa, tajiri mmoja mwenye mkia mrefu, anakusanya vibao vya kale. Akajifunga kanga, akaenda.

Akamkuta Ngawa barazani na Kima, anayemuuzia vibao hivyo, wanakunywa kahawa. Ndani, vibao kumi na kimoja vimepangwa rafuni, vinang'aa kwa mafuta.

"Hiki cha bibi wa kwanza duniani," Ngawa akasema. "Cha kweli, Kima?"

"Cha kweli kama mkia wako, Bwana."

"Na hiki cha mama yake sultani?"

"Cha kweli kama mkia wako, Bwana."

"Na hiki kilichotoka ng'ambo?"

"Cha kweli kama mkia wako, Bwana."

Mwanapili hakuvitazama sana. Alikuwa anatazama mlango. Kuna kitu kimewekwa chini kuuzuia usijifunge.

"Changu kile," akasema.

Ngawa akacheka. "Ile takataka? Kima alinipa nyongeza."

Kima akapaliwa na kahawa.

"Na hivi vyako vyote ni vya uongo, baba," Mwanapili akasema. "Tangu lini ulimi wa kibao, hiki chuma chenye meno, ukatazama chini? Aliyevichonga anajua kula nazi. Kukuna hajui. Lete nazi nikuonyeshe."

Nazi ikaletwa. Kibao cha kwanza, ikateleza. Cha pili, ikateleza. Cha tatu, ikamponyoka ikampiga Kima kwenye goti. Mwanapili akavuta chake kutoka mlangoni, akakaa, na nazi iliyokunwa ikaanza kumwagika, nyeupe.

Ngawa aliacha kucheka. "Kumbe ndicho cha kweli," akasema polepole. "Basi hakitoki humu."

"Si kilikuwa kinashikilia mlango?"

"Nilikuwa sijajua. Niachie, uchukue hivi kumi na kimoja."

"Nikavifanyie nini? Hata kwa kuni havifai, vimejaa mafuta, vitanijazia moshi."

Wakabishana mpaka akaitwa Mzee Nungunungu, mkubwa wa mtaa, asiyependa kelele. Akasikiliza, akajikuna miiba. "Mwenye kibao hukikalia. Kaeni nione."

Ngawa akakaa, akaanguka kushoto. Akakaa tena, akaanguka kushoto. Mara ya tatu akaanguka yeye na nazi na heshima yake. Mwanapili akakaa, akakuna nusu nazi huku akimuuliza Mzee hali ya wajukuu.

"Chukua, mama," Nungunungu akasema. "Na wewe Kima, uliyemwibia ili uige kuchonga, kisha ukakitoa nyongeza, utambebea nazi mwezi mzima."

Mwanapili akarudi jikoni. Kesho yake wateja wakarudi pia, wanajifanya hawakwenda popote.

Na Ngawa? Vile kumi na kimoja alivirudisha rafuni, akavipaka mafuta upya. Mlangoni akaweka jiwe. Haukupita mwezi, mteja mmoja akamletea Mwanapili habari: Ngawa kanunua cha kumi na mbili, kiti kimelika kushoto kama kipande cha sabuni. Alipouliza kama ni cha kweli, akajibiwa ni cha kweli kama mkia wake.

Mwanapili hakuinua uso, alikuwa anachuja tui. "Nani kachonga, Kima?"

"Nani mwingine."

"Basi huyo kesho akileta nazi nitamkalisha hapa akune mwenyewe. Labda cha kumi na tatu kitatazama juu."

Hadithi yangu imekomea hapo. Asiyetosheka akachukue nazi akune.