Kiti Kimoja cha Nyamawi

Sogeeni, mkae vizuri, na mwenye jibu la haraka alifiche kwanza. Hadithi hii imewagombanisha watu wenye akili timamu, na mpaka leo kuna ndugu ambao hawaizungumzi wakiwa mezani.

Mjini Mombasa palikuwa na mashabiki watatu wa kriketi. Kila mmoja alikuwa na kipawa chake, na kila mmoja aliwaona wenzake wawili kuwa si chochote.

Wa kwanza alikuwa Twalib Bafadhil, mhandisi wa barabara aliyestaafu. Kipawa chake kilikuwa ardhi. Ukimpa konzi ya udongo ataufikicha, ataunusa, kisha atakwambia utafanya nini jua likiwaka na utafanya nini mvua ikinyesha.

Wa pili alikuwa Jayant Vaghela, mwenye duka la miwani. Kipawa chake kilikuwa macho. Akikaa jukwaa la mbali kabisa, angeweza kukwambia mchezaji gani amegombana na mkewe asubuhi na yupi anaficha goti linalouma. Wanawe walilalamika kwamba baba yao hakumbuki siku zao za kuzaliwa, lakini mpira mbovu uliorushwa zama za ujana wake hausahau.

Wa tatu alikuwa Mishi Mwaruwa, ambaye kwa miaka mingi alikuwa msemaji wa makuli bandarini. Kipawa chake kilikuwa ulimi. Mabwana wa kampuni za meli waliingia mkutanoni wamekunja uso, wakatoka wamekubali kila kitu, na njiani wakawa wanaulizana walikubali saa ngapi.

Watatu hawa walikaa pamoja kila mechi. Wasidhani watu kwamba walipendana. Jukwaa la mashariki lilikuwa na kivuli kidogo tu, na hakuna aliyekuwa tayari kuwaachia wenzake.

Mwaka ule timu ya ng'ambo ilikuja nchini kucheza mechi tatu, kila moja ya siku tano. Ya kwanza ilichezwa Nairobi, na wenyeji wakapigwa kipigo cha kuona haya. Wachaguzi wa timu wakatafuta wa kumtupia lawama, wakampata Nyamawi Charo. Huyu alikuwa mrushaji wa mipira ya kuzunguka, ile inayorushwa polepole ambayo ikigusa chini hubadili njia na kumwacha mpigaji akipunga hewa. Kabla ya ziara ile Nyamawi alikuwa amevunjika kidole. Kidole kilipona, lakini mpira wake haukugeuka tena. Wakamtoa kikosini, akarudi kwao Mombasa, ambako ndiko mechi ya pili ilikokuwa ichezwe.

Siku moja kabla ya mechi hiyo, Nyamawi aliingia uwanjani kama mtu yeyote wa mtaani, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Alitaka kuwaona wenzake wakifanya mazoezi. Akakaa nyuma ya watu watatu wenye kelele, na kwa bahati yake mbaya akayasikia yote.

"Pichi ina majani mabichi," alisema Jayant, akiuonyesha ule ukanda wa ardhi iliyoshindiliwa katikati ya uwanja. "Mpira wa kasi utaruka hapo kama panzi. Wameita warushaji wanne wa kasi, na kwa mara ya kwanza maishani mwao wamefanya jambo la maana."

"Majani ni nywele tu," Twalib alimjibu bila hata kumtazama. "Mwenye akili huuliza kichwa kikoje. Wewe endelea kuuza miwani."

"Nyote mnapoteza pumzi," alisema Mishi. "Timu akiichagua Abudi Mwinyihaji, hata ukiichezesha peponi itashindwa. Mimi nimekaa nyumba moja na yule mtu. Hajui kuchagua hata papai."

Alisema kweli. Abudi Mwinyihaji, mwenyekiti wa wachaguzi, alikuwa mume wake wa zamani. Waliachana kwa vishindo, na Mishi aliapa mbele ya ukoo mzima kwamba hatamsemesha tena mpaka mmoja wao azikwe.

"Lakini kumtoa Nyamawi, hapo hawakukosea," aliongeza Jayant.

"Nyamawi!" Twalib alicheka. "Yule si mrushaji tena. Kule Nairobi alikuwa akiwapelekea wapigaji mpira kama mtu anayepeleka mchango wa harusi."

Wakacheka wote watatu, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana asubuhi ile.

Nyamawi alihisi masikio yanawaka. Akawatazama kwa nyuma: upara mmoja, kofia moja ya jua, mtandio mmoja. Watu wazima ovyo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuudaka mpira mgumu kwa mikono mitupu akasikia mifupa ikilia, na bado walikaa kivulini wakitafuna karanga na kuhukumu mikono ya wenzao. Aliwadharau kutoka moyoni. Angeondoka, ila miguu ilikataa.

Basi sikilizeni alichofanya Twalib. Alikuwa amechoka kubishana. Aliinuka, akateremka jukwaani, akaivuka kamba na kwenda moja kwa moja mpaka katikati ya uwanja, mahali ambapo shabiki haruhusiwi kukanyaga. Walinzi wakapiga kelele. Yeye alishapiga magoti, akatoa ufunguo wa gari na kuuchomeka kati ya majani. Ufunguo ukatoka na udongo, akaufunga kwenye leso. Wakamkokota mpaka getini, wakamwambia asikanyage tena pale mpaka mechi iishe. Mtu yule hakuwahi kukosa mechi mjini kwake tangu utotoni. Alipopitishwa mbele ya jukwaa aliwatupia wenzake ile leso.

"Wamemwagilia juu tu, ipendeze machoni!" alipaza sauti huku akisukumwa. "Chini kumekauka kama biskuti. Siku ya tatu itapasuka, na hapo mpira utapinda utakavyo. Warushaji wa kasi watalia! Pichi hii, hata lile garasa la Nyamawi lingetisha watu!"

Nyamawi akavua kofia. "Garasa lenyewe ni mimi," alisema.

Mngedhani waliona aibu. Thubutu! Mishi alimpima tu kwa macho kuanzia juu mpaka chini. Jayant ndiye aliyegeuka mzima mzima, uso umemchangamka.

"Afadhali umekuja," alisema. "Nilitaka kukwambia usoni. Kidole chako hakina kitu."

"Kilivunjika, mzee."

"Kilivunjika, kikapona. Usiyepona ni wewe. Kabla ya kuuachia mpira unakiinua kile kidole, kama mtu anayeogopa sufuria la moto. Mpira unautolea kiganjani. Mpira wa kiganjani haugeuki, unakwenda tu kama ng'ombe anayerudi zizini."

"Wewe umewahi kurusha mpira hata siku moja?"

"Sijawahi. Wala sijawahi kuazima macho ya watu wanaokuja dukani kwangu, lakini ndiye mimi ninayewaambia wasichokiona. Unaogopa, bwana mdogo. Kama huogopi, twende nyuma kule kwenye wavu ukanionyeshe."

Na sasa sikilizeni alichofanya Jayant. Mzee yule mwenye mgongo mbovu alichukua gongo la kupigia, akasimama kwenye wavu wa zamani wa mazoezi bila kinga yoyote, akamwambia Nyamawi arushe. Kila kidole kilipoinuka alipiga kelele, "Mwoga!" Nyamawi akapandwa na hasira, akausokota mpira kwa nguvu zote, na hasira ikamsahaulisha kidole. Mpira ukaanza kupinda. Mmoja ulimpiga Jayant pajani. Mwingine ulidunda, ukageuka, ukamwingia mbavuni, akaenda chini kama gunia.

"Umeona?" alisema akiwa amelala, akihema. "Huo ndio mpira. Sasa niitieni daktari, na wewe acha kunitazama kama umekunywa siki."

Ubavu ulikuwa umepasuka. Akaamriwa alale chali nyumbani.

Mishi alikuwa ameyaona yote akiwa amesimama kando. Sikilizeni alichofanya naye. Aliichukua leso ya udongo, akajifunga mtandio vizuri, akaenda hotelini walikokaa wachaguzi. Abudi Mwinyihaji alipomwona mlangoni, alikiweka kikombe chini.

"Umekuja kufanya nini hapa?"

"Nimekuja kumeza kiapo changu," Mishi alimjibu, "na ujue kina uchungu."

Akaumwaga ule udongo mezani, juu ya kitambaa cheupe, akaeleza habari ya pichi na habari ya wavu. Wachaguzi wakacheka. Mmoja akauliza kama bandari siku hizi ndiyo inayopanga timu ya taifa.

Mishi hakupandisha sauti. "Mna warushaji wanne wa kasi," alisema. "Mkishindwa nao, watu watasema mlikosea Nairobi, mkaja kukosea tena hapa. Mwekeni Nyamawi mahali pa mmoja wao. Mkishindwa, semeni ni Mishi aliyewapotosha. Mimi mwenyewe nitasimama mbele ya waandishi niseme ndiyo, ni mimi. Hamna hasara. Hasara yote ni yangu."

Wakatazamana. Watu waoga hawajawahi kukataa ngao ya bure. Nyamawi akarudishwa kikosini.

Siku mbili za mwanzo zilikuwa jehanamu. Pichi ilikaa kimya kama iliyomwagiwa saruji, wageni wakapiga mipira watakavyo, na Nyamawi hakumtoa mtu. Wachaguzi walikwisha kutoboa kwamba hiyo ilikuwa kazi ya Mishi. Magazeti yakamchora akiwa amebeba kapu la udongo kichwani. Jukwaani watu walimzomea, wakamrushia maganda ya machungwa, wakamwuliza kama amerudiana na mumewe. Alikaa pale pale kwenye kile kivuli, peke yake, akatazama mbele. Nje ya ukuta, Twalib alisimama juani na redio sikioni. Nyumbani kwake, Jayant alitazama televisheni, na kila alipomtukana Nyamawi ubavu ulimchoma.

Siku ya tatu pichi ikapasuka.

Mpira wa kwanza uliopinda ulimshangaza hata Nyamawi mwenyewe. Mpigaji aliukadiria mahali pamoja, wenyewe ukapita pengine ukaangusha vijiti vya wiketi nyuma yake. Kuanzia hapo wageni walicheza kama watu wanaotembea juu ya sakafu ya sabuni. Siku ya mwisho, jua likiwa bado juu, Nyamawi alimtoa mpigaji wao wa mwisho. Wenyeji wakashinda, na ziara ikawa sare, kila timu imeshinda mechi moja. Mechi ya tatu, ya kuamua mshindi, ingechezwa Nairobi.

Wale waliorusha maganda wakawa wa kwanza kuimba. Nyamawi aliwatazama akatema mate chini.

Tiketi za Nairobi zikaisha mara moja. Lakini kila mchezaji alipewa kiti kimoja cha mgeni wake, kwenye roshani ya wachezaji, ubavuni mwa nahodha, mahali ambapo shabiki wa kweli huota kukaa maisha yake yote na hufa hajafika. Kitambulisho chake kilikuwa na jina moja na picha moja, na hakiazimwi. Mama yake Nyamawi akakataa katakata, akasema kriketi ni kutazama majani yakiota.

Nyamawi akaenda nyumbani kwa Jayant, ambaye alikuwa ameanza kukaa kitandani. Akawakuta na wale wenzake wawili. Akawaeleza habari ya kiti.

"Basi si jambo la kuuliza," alisema Twalib. "Bila mimi, nani angejua chini ya yale majani kuna nini? Hawa wangekuwa bado wanasifia ukijani. Nimefukuzwa kama mwizi, na mechi kubwa kuliko zote mjini kwangu nimeisikiliza ukutani."

"Ujuzi wa udongo!" Jayant alibinua mdomo. "Pichi ingepasuka mpaka kuzimu, na huyu angekuwa bado anarusha mipira ya harusi. Aliyemrudishia mkono wake ni nani? Hebu gusa hapa ubavuni, uone kama ulipasuka kwa kutazama."

"Mlikuwa na udongo na mkono," alisema Mishi taratibu, "na vyote viwili vilikuwa nje ya timu. Mngekwenda navyo wapi? Mmoja alikuwa getini, mwingine sakafuni. Mimi nilikwenda kumbembeleza mtu niliyeapa kutomsemesha, nikaliweka jina langu likanyagwe na mji mzima. Ubavu utaunga. Jina langu nani ataliunga?"

Nyamawi aliwasikiliza. Hakuna aliyemwomba radhi kwa lile garasa, wala kwa ile harusi, wala kwa kuitwa mwoga. Hakuna hata mmoja aliyempongeza. Hakuwapenda. Lakini kila alipojaribu kumtoa mmoja kwenye hesabu, aliona timu ikishindwa, na yeye mwenyewe akiwa amekaa nyuma ya jukwaa, kofia machoni.

Simu ikalia. Alikuwa meneja wa timu, akitaka jina la mgeni wake sasa hivi, kabla ofisi haijafungwa. Watatu wale wakakaza macho kwake, na hata hapo hawakuacha kuangaliana kwa jicho la pembeni.

Msiniambie wagawane siku, kitambulisho hakigawanyiki. Wala msiniambie awanyime wote, maana jina linangojwa. Aliyeisoma ardhi, aliyeuponya mkono, aliyeufungua mlango: meneja yuko kwenye simu, Nyamawi amefungua kinywa. Je, ungekuwa wewe, ungelitaja jina la nani?