Neno la Inchi Mbili na Nusu

Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Anayeisikia methali hii mara ya kwanza hucheka, kwani kamba ni nyuzi tu, na jiwe ni jiwe. Lakini aliyewahi kuinama kwenye kisima cha zamani ameona mifereji ukingoni mwake, laini kama kiganja. Hakuna aliyeichimba kwa nyundo. Ni kamba ya ndoo, ikipita palepale kila siku.

Katika karakana moja ya kushona nguo palikuwa na mama aliyepewa jina la Mkasi. Kwa miaka ishirini na miwili alisimama kwenye meza ya kukatia. Mwenye karakana alimtajia oda kwa mdomo, naye akachora kwa chaki na kukata, bila kupoteza hata kitambaa cha kufutia sindano. Jicho lake lilikuwa futi. Angeutazama mlango wa jirani akasema, "Inchi thelathini na moja," na ukipimwa, ni hivyo hivyo.

Siku moja mwenye karakana akabandika kadi sita ukutani. "Nafungua karakana ya pili, sitakuwapo hapa kila asubuhi," alisema. "Oda zitakuja zimeandikwa kama hivi. Baada ya wiki sita nitawajaribu wakataji. Asiyesoma atahamia kwenye vifungo."

Mkasi alizitazama kadi zile kwa mbali. Hakujua kusoma. Maisha yake yote aliponea kwa msemo mmoja: "Leo nimesahau miwani." Wala miwani hakuwa nayo.

Jioni ile alimwita mke wa mwanawe, mwalimu wa darasa la kwanza, akafunga mlango wa jikoni.

"Mkwe wangu, leo nakufunulia aibu yangu. Jambo hili lisitoke humu, hata kwa mumeo."

Mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka wala hakushangaa.

"Niandikie maneno yote ya kazi," Mkasi alisema. "Nitayameza."

"Maneno hayamezwi, Mama." Lakini aliyaandika.

Siku tatu hazijaisha, Mkasi aliyataja yote bila kukwama. Mkwe akaingiwa na shaka. Akaandika lile lile neno la sketi kwa herufi ndogo zaidi. Mkasi akaligeuza huku na huku.

"Hili silijui."

"Ni sketi, Mama. Lile lile."

"Sketi gani? Sketi ina inchi mbili na nusu! Hili halifiki hata mbili!"

Mkwe alicheka mpaka akashika meza. Mkasi alinuna, kisha naye akacheka, na kicheko kikageuka machozi. "Basi mimi ni wa vifungo," alisema.

"Hapana, Mama. Shati unalikata zima zima?"

"Shati halikatwi zima. Mgongo peke yake, kifua peke yake, mikono, kola. Ndipo unaunga."

"Na neno ni hivyo hivyo. Tutajifunza sauti ya kila kipande, kisha tuunge. Ukijua kuunga, utasoma hata neno ambalo hujawahi kuliona."

Wakaanza: robo saa kila siku, asubuhi kabla ya kazi. Mkwe hakuanza na jipya kabla ya kuulizia la jana, la juzi na la wiki iliyopita, yote yakiwa yamechanganywa, na kadi alizoziandikia sauti hizo zimelazwa kifudifudi: alitaja sauti, Mkasi akachora herufi yake kwa chaki, ndipo kadi ikafunuliwa. Hapo ndipo Mkasi alipochoka.

"Si unioneshe tu? Kichwa changu ni gunia lililotoboka. Nilichokijua jana kimetoroka!"

"Kitafute kwanza, Mama. Ulichooneshwa huondoka, ulichokitafuta mwenyewe hukaa. Hayo si maneno yangu. Chuoni tulisoma kwamba watu wamelipima jambo hili, darasa kwa darasa. Anayejifunza kidogo kidogo na kujiuliza mwenyewe hudumu na alichojifunza kuliko anayekesha siku moja."

"Kama wamepima, sawa," alisema Mkasi. Kipimo alikiheshimu.

Karakanani alikuwa akizitamka sauti kwa kunong'ona huku akinywa chai. Mkataji mwenzake, waliyemwita Kasuku, akamtania: "Dada, mmm, mmm, unaumwa tumbo? Mimi zile kadi sita nimezikariri kwa siku mbili. Wewe utafika kwenye vifungo kabla hujafika kwenye neno la pili!"

Siku ya jaribio, mwenye karakana alitoa kadi ambayo haikuwa ukutani. Kasuku alitambua neno la kwanza tu, akaitiririsha kadi ya ukutani kama mfereji: "Gauni la mtoto, mikono mifupi, mifuko miwili!" Akanyoosha mkono kuchukua chaki.

"Ngoja," alisema mwenye karakana. "Mkasi, nawe soma."

Mkasi aliweka kidole kwenye kadi. "Ga-u-ni... la... m-to-to."

"Dada, unasoma au unahesabu meno?" Kasuku alidakia.

Mkasi alisogeza kidole. Alikata neno, akaunga. "Mi-ko-no mi-re-fu. U-si... u-si-we-ke." Akarudi nyuma, akapita tena palepale. "Usiweke... mi-fu-ko." Akainua uso. "Gauni la mtoto, mikono mirefu, usiweke mifuko."

Mwenye karakana aliichukua kadi, akaitazama, akamtazama yeye. Kisha akampa chaki.

"Mimi ningeshakata mikono mifupi," Kasuku alisema polepole, akiutazama mkasi. Kitambaa kilichokatwa hakirudi. Jioni alimfuata Mkasi mlangoni. "Dada, huyo aliyekufundisha ana nafasi?"

"Ni mkwe wangu, naye ana madaftari ya kusahihisha. Njoo alfajiri, nitakuanzisha mwenyewe." Alfajiri iliyofuata, jikoni kwake, Mkasi alichukua kadi ya kwanza, akailaza kifudifudi mezani. Kasuku akalalamika, "Si unioneshe tu?" Naye akamjibu akicheka: "Itafute kwanza, kaka. Kesho tutapita hapa hapa tena, maana papo kwa papo kamba hukata jiwe."