Kavinya Aliyefagia Nyayo Zake

Sogeeni, wanangu, hata nyie mlio mlangoni. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, kisha tunyamaze, maana neno hili halisemwi kwenye kelele.

Mama mmoja, Kavinya, alikuwa na mjukuu aliyeachiwa na marehemu binti yake, na hakuwa na tone la maji. Mto ulikuwa umekauka, umebaki mchanga mtupu. Alfajiri moja alipiga magoti palepale mtoni akamlilia Mungu, na alipoinuka, magoti yamelowa. Akachimba kwa mikono. Maji yakaja, matamu.

Akawaza, nikisema watayamaliza, na mtoto wangu atakufa. Basi akafunika shimo kwa miiba, akavunja tawi, akarudi kinyumenyume akifagia nyayo zake. Ikawa ndiyo kazi yake ya kila alfajiri.

Jirani yake Syombua, mwenye watoto waliokuwa wakilia kiu, alimtazama usoni. "We Kavinya, midomo yetu imepasuka, yako inang'aa. Siku hizi unalamba umande na mbuzi?" Kavinya akacheka, lakini kicheko hakikushuka tumboni.

Sasa, maji ya mchangani hushuka kadiri jua linavyozidi. Watu wa kwao hilo wanalijua, ndiyo maana shimo huchimbwa pana, na watu hupangana: mmoja chini, mmoja katikati, mmoja ukingoni, kata ya kuchotea maji ikipanda mkono kwa mkono. Kavinya alichimba peke yake, jembamba, hadi likampita kimo. Kingo zikamwangukia. Mchanga ukamshika kifuani. Akaita, nani amsikie? Na mtoto yuko nyumbani, kibuyu kitupu. Kila alipotoa pumzi, mchanga ulishuka ukambana zaidi. Akaliona lile tawi kule juu, akajua amejifagilia kaburi.

Ndipo mikono ikaanza kufukua. Ilikuwa ya Syombua.

"Nilikufuata nije kuiba," alisema akihema, machozi yakimtoka. "Nilikuwa kichakani nangoja uondoke."

Kavinya akatema mchanga. "Usiibe, mwenzangu. Kawaite wote."

Wakaja wote, wakatanua shimo, wakapangana. Maji yaliyokuwa yamemshinda mmoja yakawanywesha hadi mvua.

Kavinya sasa ni marehemu. Kata yake anayo yule mjukuu. Watoto wa Syombua walirithi nafasi ya mama yao shimoni, ile ya katikati. Tawi halikurithiwa na mtu, lakini kila kiangazi kuna anayekwenda kuvunja jingine.

Wewe uliyenyweshwa, tukikutafuta leo, nyayo zako tutaziona?