Gazeti Lililofunga Mlango

Hadithi hii imepita mikono mingi kabla ya kukufikia. Isome taratibu, kisha umpelekee mwenzio, hasa kama unajua kuna mtu anamngoja.

Kilikuwepo kijiji kimoja mlimani, Mwambeni. Nyumba zake zilikuwa za udongo, na kila Krismasi ilipokaribia akina mama walibandika magazeti ukutani kwa uji mzito wa muhogo, ili ndani pang'ae kidogo. Magazeti waliyanunua kwa Shebughe mwenye duka, naye aliyatoa mjini kwa mafungu. Ila Shebughe alikuwa na mazoea yake. Ukingo wa juu wa kila gazeti, ule wenye tarehe, aliuchana akafungia ugoro.

Basi habari zikawa zinafika Mwambeni bila tarehe, na kila nyumba ikaishi na ya kwake.

Kwa Mzee Kangero ukuta ulisema: BEI YA KAHAWA KUPANDA MARADUFU. Mzee akagoma kuuza. Akalala na magunia yake chumbani mpaka wadudu wakaimaliza kahawa yote, naye akawa anawaambia watu kwamba hata wadudu wamesoma gazeti. Kwa jirani yake palibandikwa: TEMBO WAVAMIA SHULE. Watoto wa nyumba ile wakafungiwa ndani muhula mzima, ingawa mlima wenyewe ni mkali, hata mbuzi huupanda kwa kufikiri. Na kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa na maneno haya juu ya kitanda chake: WANYWA MAZIWA HUISHI MIAKA MINGI. Bibi akanunua ng'ombe. Ng'ombe akafa, bibi yupo.

Nyumbani kwa Nakijwa, juu ya meko, paliandikwa: TRENI YA ABIRIA KUANZA TENA DESEMBA.

Nakijwa alikuwa mjane, na mwanawe wa pekee, Kiondo, alikuwa ameondoka. Hakuondoka kwa heri. Kijana alitaka kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, mbali huko reli inakokwenda. Mama alitaka abaki alime. Wakavutana mpaka Nakijwa akatoa neno ambalo baadaye lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Nenda. Siku ukirudi utaukuta mlango umefungwa."

Kiondo akachukua mfuko wake akateremka. Mama akasimama nje akiutazama mgongo wake ukipotea kwenye migomba, akidhani atageuka. Hakugeuka. Krismasi ya mwaka ule ndipo alipolibandika lile gazeti, na tangu hapo akawa na jambo moja tu moyoni: kumpokea mwanawe stesheni, na kulimeza tena lile neno kabla kijana hajakanyaga chini.

Alianza yeye, kijiji kikamfuata. Stesheni ilikuwa bondeni, nyasi zimeifunika reli, mbuzi wanalala chumba cha tiketi. Watu wakafyeka. Kangero akanunua kofia ya kupungia abiria. Wanawake wakabeba ndizi mbivu na mahindi ya kuchoma ya kuuzia madirishani. Desemba ilipoingia, kila kulipokucha kijiji kizima kiliteremka, na jioni kikapanda na ndizi zake, kikizila njiani. Treni isipokuja, walisema Desemba bado haijaisha. Desemba ikiisha, walisema gazeti halikutaja ni Desemba ipi.

Nakijwa hakuuza kitu. Alivaa kitenge chake kizuri, akakaa ukingoni mwa reli, macho yake kule vinakokutana vile vyuma viwili. Na kila asubuhi alipotoka nyumbani alikingamisha fimbo mlangoni, kwa desturi ya kule. Fimbo ikikingama, nyumba imefungwa, mtu asiingie.

Miaka ikaenda hivyo. Mwaka mmoja mvua ya upepo ikaingia ndani, kona ya gazeti ikabanduka. Nakijwa akakoroga uji wa muhogo ili airudishie kabla ya kuteremka. Shule yake iliishia darasa la tatu, na siku zote alisoma herufi kubwa tu. Ndogo aliwaachia wenye miwani. Lakini safari hii uso wake ulikuwa karibu na ukuta, akazisoma na ndogo, silabi kwa silabi. Zilisema treni itawasaidia wananchi kwenda kwenye sherehe za kufunguliwa kwa zahanati mpya ya bondeni.

Akakaa chini na bakuli lake. Zahanati ile aliijua. Alijifungulia mle. Alipomzaa Kiondo, rangi ya kuta zake ilikuwa imeshaanza kubabuka.

Habari aliyokuwa akiingoja ilimzidi mwanawe umri.

Akatoka kuwaeleza wenzake. Kangero alikuwa tayari na kofia yake kichwani.

"Nakijwa," akamwambia, "gazeti limeandikwa na watu waliosoma. Wewe uliishia la tatu. Twende, utaachwa na treni."

Wakateremka bila yeye. Kijiji kikawa kimya. Miguu yake ilitaka kuwafuata, maana ilishazoea, na moyoni alitamani asingezisoma zile herufi ndogo. Kumbe hata tumaini la uongo lina joto lake, na likiondoka mtu husikia baridi. Akauacha mlango wazi apate mwanga, akachukua gazeti jingine, akaanza kulifunika lile la treni.

Kivuli kikaangukia ukutani.

"Leo pako wazi," sauti ikasema.

Nakijwa hakugeuka. Aliogopa kugeuka asikute mtu. Akauliza ni nani, huku akijua.

"Nilikuja mwaka jana, mama. Na mwaka juzi, na kabla ya hapo. Likizo yetu ni Desemba. Napanda lori la mbao, linanishusha barabara ya juu. Nikifika hapa nakuta fimbo mlangoni, na hakuna hata jirani wa kumuuliza. Nikajua umelishika neno lako. Nikawa narudi na lori hilo hilo."

Bakuli likamtoka mkononi. Siku zile zote alizokuwa amekaa kwa reli na kitenge chake kizuri, mtoto alikuwa amesimama hapa. Neno alilokuwa akiteremka kwenda kulifuta, kila asubuhi alilirudia yeye mwenyewe kwa fimbo.

Aligeuka. Mikono yake ilikuwa imejaa uji wa muhogo, akamshika mashavu hivyo hivyo. Kisha akaiokota fimbo pembeni ya mlango, akaivunja kwa goti, akaitia mekoni chini ya sufuria ya chai.

"Keti, mwanangu," akasema. "Lile neno linaungua hilo."

Jioni watu wakapanda na ndizi zao. Wakamkuta Kiondo kizingitini na kikombe mkononi. Kangero akavua kofia, akamtazama toka juu hadi chini.

"Wewe umepitaje?" akamuuliza. "Mbona treni hatukuiona?"

Funzo: Usimngoje umpendaye kwenye njia uliyomchagulia wewe, atakuja kwa njia yake, na atakachokitafuta ni mlango ulio wazi.