Jua la Mashine Moja

Sogeeni karibu, kesi hii imenishinda, labda nyinyi mtaiweza. Kule Mwatate kulikuwa na ndugu watatu walioishi na mama yao. Wakesho, kifungua mimba, alijua kufuga. Mghoi alijua kusoma na kung'ang'ania. Mwakio, kitinda mimba, alikuwa seremala, fundi wa kupaua nyumba.

Wakesho alikuwa amekata mkonge miaka kumi na mmoja mpaka viganja vikaota sugu, na aliapa harudi shambani kwa watu. Alitaka mashine ya kutotoa vifaranga. Aliposikia kuna mradi unaolipia nusu ya bei ya sola kwa atakayetangulia kulipa nusu yake, aliuza mtamba wake wa pekee. Alilia njia nzima, lakini hakugeuka.

Nusu ya mradi nayo ilitaka hati ya kiwanja, na kiwanja kilikuwa bado kwa jina la marehemu baba yao. Mghoi alienda mjini mara saba.

"Rudi kesho, dada," karani wa ardhi alimwambia.

"Sirudi kesho, maana leo siondoki." Alikaa kwenye benchi mpaka muhuri ukapigwa.

Kumbe paa nalo lilikuwa limeliwa na mchwa, na mafundi wa sola wakakataa kulipanda! Mwakio aliezua, akapaua upya bila ujira. Alianguka akavunjika mkono, akamalizia kwa ule mmoja uliobaki mzima.

Umeme ukawaka, mama akapiga vigelegele. Ndipo fundi wa sola akasema, "Ukiacha taa, hii inabeba mashine moja tu. Mkichomeka mbili mtaua betri."

"Basi ni ya vifaranga," Wakesho akasema. "Bila mtamba wangu mngeanzia wapi?"

"Na bila muhuri wangu?" akauliza Mghoi, aliyetaka friji ya kuuzia mtindi.

"Mkono huu hautashika randa tena," akasema Mwakio. "Nisipopata randa ya umeme, nitakula nini?"

"Tupokezane zamu," Mghoi akajaribu.

"Mayai hayajui zamu, mdogo wangu. Yakipoa usiku mmoja yamekufa."

Wakamgeukia mama. "Nimewazaa wote watatu," akasema, "msinitie kwenye kesi hii."

Wakesho aliwatazama wadogo zake na akawaonea huruma kweli. Hata hivyo alishika plagi, na hakuiachia.

Haya, wasikilizaji wangu. Kama mngekuwa nyinyi mama yao, mngesema ichomekwe mashine ya nani?