Tua, Tupo

Wapendwa, kabla ya yote niwapongeze watoto wetu wa shule ya Jumapili. Wamevaa vizuri, wameimba Kiingereza kilichonyooka, na ninyi mmepiga makofi mpaka njiwa wa darini wakaruka. Na mimi nimepiga, sijisafishi. Lakini nilipokuwa napiga nilimwona bibi mmoja pale benchi la mwisho, karibu na mlango, akimgusa jirani yake na kumuuliza, "Wameimba nini?" Jirani akamjibu, "Hata mimi sijui, Bibi, ila ni mzuri." Basi mahubiri niliyoandaa nimeyakunja, yapo hapa mfukoni. Leo nitawapa mfano. Ni wa kutunga, msije mkatoka hapa mkanong'onezana kwamba mchungaji kamsema fulani. Na kabila sitalitaja, maana nikilitaja, wengine wote mtashusha pumzi mseme hayawahusu.

Palikuwa na mama mmoja mfinyanzi, huko milimani. Alifinyanga mitungi ya maji, mikubwa, na siku ya gulio aliweka ngata kichwani, akabebeshwa mtungi, akaanza kushuka mlima. Sasa ninyi mliozaliwa na kukuta mabomba, kuna jambo hamlijui. Mtungi mkubwa ukishakaa kichwani, aliyeubeba hawezi kuutua peke yake. Akijaribu kuinama, anaokota vigae. Lazima mtu asimame mbele yake, anyooshe mikono miwili, ampokee. Kwa hiyo kule kwao kulikuwa na desturi. Mwanamke akichoka njiani alisimama mbele ya nyumba yoyote, akaita kwa lugha yao maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama haya: "Nina mzigo kichwani!" Na aliyekuwa ndani, hata kama juzi walitukanana kisimani, alitoka akajibu: "Tua, tupo!" Asiyetoka alisemwa yeye pamoja na watoto wake.

Hadithi nazo walizianza hivyo hivyo. Msimulizi anaita, "Nina mzigo kichwani," watoto wanajibu, "Tua, tupo," ndipo anaanza. Wasipojibu, hasimulii. Ataita mara ya pili, ataita mara ya tatu, wakikaa kimya anainuka anakwenda zake, na hadithi anaondoka nayo. Wala hakuwa amekasirika. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, naye mama yake alifundishwa hivyo na bibi yake.

Mama huyu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Akasoma, akapata kazi mjini ya kupima viwanja, akaoa, akajaliwa watoto watatu. Miguu ya mama ilipoanza kuvimba, alikuja mwenyewe kumchukua akaishi naye. Mtoto mwema kabisa. Sitaki mumchukie mtu huyu, maana mkianza kumchukia sasa hivi mtapata shida huko mbele.

Alikuwa na jambo linalomuuma. Mwaka uliotangulia alikwenda na familia nyumbani kwenye msiba. Mjomba wake akawasalimia watoto kwa lugha ya kwao, nao wakaangalia viatu vyao. Mjomba akacheka, akasema, "Hawa ni wageni. Waleteeni viti." Nanyi mnajua, mtoto wa nyumbani haletewi kiti, hutumwa maji. Neno lile lilimkaa kifuani, akarudi nalo mjini.

Akafanya nini? Akafanya kama tunavyofanya sisi wasomi: akanunua daftari. Akaandika maneno mia moja, upande huu Kiswahili, upande huu lugha ya kwao. Kila Jumamosi baada ya chai, watoto mezani. "Kichwa, tunasemaje? Mkono, tunasemaje?" Anayekosea anaandika neno lile mara ishirini. Wale wakubwa wawili wakaanza kuumwa matumbo kila Jumamosi asubuhi, na daftari likifungwa saa sita, matumbo yanapona bila dawa. Baada ya miezi mitatu walijua viungo vyote vya mwili, lakini hawakuwa na mtu wa kumwambia kwamba kimoja kinauma.

Yule wa mwisho, binti wa miaka sita, hakuwekwa mezani kwa sababu hakujua kuandika vizuri. Akaachiwa Bibi.

Sasa jirani yao alikuwa anachimba shimo la choo, na huko chini ukatoka udongo mwekundu, unaonata. Bibi alipouona, mikono ikamwasha. Akaomba beseni moja, akaketi uani na mjukuu wake. Wakafinyanga vyungu vidogo. Wakafinyanga ng'ombe wa miguu mitano, kwa sababu mguu mmoja ulizidi na mtoto hakutaka kuutupa. Wakafinyanga bwana harusi na bibi harusi, na mashangazi wa kuwasindikiza, wanene. Kisha Bibi akaweka sharti. Akasema, "Mjukuu wangu, hawa watu wametoka kwetu leo asubuhi. Kiswahili hawakijui hata kidogo. Ukitaka wakusikie, sema nao kwa lugha yao."

"Sasa bwana harusi kaanguka, Bibi! Nimwambieje ainuke?"

Bibi akamnong'oneza sikioni. Mtoto akamwambia bwana harusi. Bwana harusi akainuka, kwa msaada wa vidole viwili. Mtoto akacheka mpaka akakaa chini.

Hivyo tu, wapendwa. Hakuna daftari. Kila siku harusi, kila siku ng'ombe kapotea, kila siku shangazi mmoja kasusa chakula lazima abembelezwe. Wakichoka na udongo wanacheza gulio: mtoto anawekewa ngata ya majani na kichungu chake kichwani, anazunguka nyumba, anasimama mlango wa jikoni na kuita, "Nina mzigo kichwani!" Bibi anajibu, "Tua, tupo!" anampokea kwa mikono miwili. Halafu wanabadilishana, Bibi anaita, mtoto anasimama kwa ncha za vidole vya miguu na kunyoosha mikono juu. Wakiketi kupumzika, hadithi moja. Miezi miwili haikuisha, yule binti alikuwa anaweza kugombana na bibi yake kwa lugha ile. Na mtu akishaweza kugombana kwa lugha, ujue imeshaingia, haikutembelea.

Baba mtu alifurahi? Alifurahi kidogo. Lakini alikuta udongo kwenye zulia, na pia binti alikuwa anakaribia kuingia darasa la kwanza, shule nzuri yenye usaili. Ikabidi aanze masomo ya ziada, asubuhi mpaka alasiri. Jioni moja akaketi karibu na mama yake, akampa simu.

"Mama, michezo hii ni mizuri, lakini muda haupo. Nimefikiria jambo. Hadithi zako zote zisimulie humu. Simu itazitunza. Watoto watasikiliza wakipata nafasi, hata wakiwa wakubwa."

Mama akaigeuza simu mkononi, akaiangalia mbele na nyuma. "Nani atanijibu?"

"Simu haijibu, mama. Inatunza tu."

"Mwanangu, mzigo wa kichwani hautunzwi. Hutuliwa."

Yule kijana akacheka, cheko la upendo. "Jaribu tu, mama. Kwa ajili yangu."

Na mama gani huyo atakayekataa akiambiwa kwa ajili yangu? Akakubali. Basi kila asubuhi kijana anaweka simu juu ya kigoda mbele ya mama yake, anabonyeza, anabeba mkoba wake, anatoka. Watoto wameshakwenda shule, mkewe yuko kazini. Nyumba imebaki na Bibi na kuku wa jirani. Jioni akirudi anauliza, "Umesimulia, mama?" Mama anamjibu, "Nimeita, mwanangu." Naye anatazama simu, anaona rekodi ndefu, anaridhika, anaihifadhi. Ikafika siku kumi na moja, rekodi kumi na moja. Hata moja hakuisikiliza. Angesikiliza ya nini, na yeye hadithi zile alizikulia?

Siku ya kumi na mbili mama akasema anataka kurudi kwake. Wakamrudisha. Mvua za masika zilipoanza, wakaletewa habari zile ambazo kila mmoja wetu hapa ameshawahi kuletewa. Mfinyanzi amelala, hakuamka.

Wakazika. Siku ya kumaliza matanga, mchana, ndugu wote wameketi uani, yule mwana akasimama. Akasema, "Ndugu zangu, mama ametuachia kitu. Hadithi zake zote ninazo hapa." Watu wakashangilia, wanawake wakaanza kulia kabla ya kusikia. Mjomba yule wa viti akasogeza kiti chake mbele. Yule mwana akaunganisha simu na spika kubwa, akabonyeza ile rekodi ya kwanza.

Sauti ya mama ikatoka, nzima, kama vile yuko jikoni: "Nina mzigo kichwani."

Kimya. Anasikika kuku mmoja anawika. Inasikika redio ya jirani.

"Nina mzigo kichwani."

Kimya.

"Nina mzigo kichwani." Kisha kigoda kinasogea, nyayo zinakokota kwenda mbali, halafu kuku na redio mpaka mwisho.

Akabonyeza ya pili, ni vilevile. Ya tatu, ya nne, vilevile. Siku kumi na moja alikuwa akikaa mbele ya kile kisimu akiita mara tatu, kwa kufuata alivyofundishwa, akingoja. Watu wakainamisha vichwa. Akafika rekodi ya mwisho.

"Nina mzigo kichwani."

Yule binti mdogo alikuwa huko bondeni akichezea matope, ndiyo kwanza anarudi. Alipoisikia sauti alikuja mbio, akapenya katikati ya miguu ya watu wazima, mikono yote imejaa udongo, akasimama mbele ya ile spika, akainuka kwa ncha za vidole na kunyoosha mikono miwili juu. "Tua, tupo!"

Ndani ya spika, kuku akawika.

"Nina mzigo kichwani."

"Tua, Bibi! Tupo!" Sasa anapiga kelele.

"Nina mzigo kichwani."

"Bibi, nipo! Nipo hapa!"

Ikapita kitambo. Na siku ile ya mwisho mama aliongeza neno ambalo siku nyingine hakulisema. Alisema taratibu, kama mtu anayejiambia mwenyewe: "Haya. Hakuna mtu." Kigoda kikasogea, nyayo zikaondoka.

Mtoto akageuka, mikono bado iko juu. "Baba, kwa nini hanisikii?"

Wapendwa, yule mwanamume alianguka pale pale. Mnadhani alilia kwa sababu ya hadithi zilizopotea? Hizo nazo alizililia, baadaye. Pale alilia kwa sababu jibu alikuwa analijua. Alilijua tangu anyonye. Ni maneno mawili tu. Asubuhi kumi na moja alisimama mbele ya mama yake, akabonyeza, akatoka, na maneno yale mawili yamo kinywani mwake.

Mtaniuliza, yule binti alipata hadithi ngapi? Alipata chache, zile za uani. Bibi alikuwa nazo ngapi? Hakuna ajuaye. Alikwenda nazo kichwani.

Na sisi je? Sisi tuliokaa hapa, tunalia kwamba watoto wetu hawajui kwao. Tunanunua daftari. Tunatuma rekodi kwenye kundi la ukoo, watu wanaweka alama ya dole gumba, basi. Tunasubiri likizo, tunasubiri wakue, tunasubiri wamalize mitihani, kana kwamba wazee wetu nao wameahirishwa mpaka mitihani iishe. Lini mara ya mwisho ulikaa chini, wewe mwenye suruali iliyopigwa pasi, ukawa ng'ombe aliyepotea, mwanao akakutafuta kwa lugha ya mama yako? Unaona aibu? Mtoto haingii kwenye lugha kupitia mlango wa mbele akiwa amevaa sare. Anaingilia uani, na matope.

Sisemi haya nikiwa nimesimama pakavu. Bibi yangu alikuwa na wimbo wa kutwangia. Nilikuwa naambiwa njoo tutwange, mimi nakimbilia mpira. Leo mdundo wake ninao, maneno hayapo. Nikiwa peke yangu ofisini kwangu huwa naupiga mdundo ule mezani kwa vidole, nangoja maneno yaje. Nimengoja miaka thelathini na moja. Namtamani yule bibi yangu, ndugu zangu, si kidogo. Ningempata kwa nusu saa tu ningekamata mchi.

Nimemaliza. Ninyi watoto mlioimba, njooni hapa mbele kidogo, mnisikilize. Tukitoka nje msikimbilie maandazi kwanza. Yule bibi wa benchi la mwisho, yule aliyeuliza mmeimba nini, mwendeeni. Nyuma ya kanisa mafundi wamechimba msingi, udongo upo, na mama zenu hawatawagombeza kwa nguo kuchafuka, nimewakataza mimi. Msimuulize kichwa kwa lugha yenu kinaitwaje. Simameni mbele yake, nyoosheni mikono yote miwili, mwambieni: Bibi, tua. Tupo.