Fisi na Vibuyu Kumi

Mwaka ule mvua haikufika kabisa Mbuga ya Ndalala. Mwaka uliofuata ilinyesha siku moja tu, tena ile ya kulaza vumbi. Mito ikakauka, mabwawa yakapasuka nyufa, na maji yote ya nchi yakabaki katika kisima kimoja chini ya jabali. Kisima chenyewe kilikuwa na tabia yake. Kilijaa polepole usiku kucha, na kulipokucha waliotangulia walikunywa maji safi, na waliofuata wakalamba tope.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Wenye makucha, kiongozi wao Simba, walisema zamu ya kwanza ni yao kwa sababu wao ndio wakubwa. Wenye kwato walisema ni yao kwa sababu wao ndio wengi. Sungura hana kwato hata moja, lakini alijiunga na wenye kwato kwa kuwa upande wa pili walikuwa na mazoea ya kumla. Kobe, Kanga na Nungunungu wakamfuata kwa sababu hiyohiyo.

Mzee Tembo, ambaye hakuwa na upande na ambaye hakuna aliyethubutu kumwudhi, alichoshwa na kelele zao.

"Mtacheza mpira," akasema. "Saba kwa saba, wiki tatu kutoka leo. Watakaoshinda watatangulia kisimani mpaka mvua irudi. Kabla ya mechi hiyo mtapokezana, leo hawa, kesho wale. Refa ni mimi. Asiyenitaka aseme."

Wote wakakubali.

Kati ya wote hao, hakuna aliyeutaka ushindi kama Swala. Alikuwa amejifungua mapacha, na kila siku ya zamu ya tope maziwa yake yalikatika, watoto wakanyonya huku wanalia. Alimfuata Sungura, nahodha wa Kwato, akamwambia, "Kaka, niweke winga. Nitakimbia mpaka roho initoke."

"Roho usiitoe, dada," Sungura akajibu. "Tutaihitaji uwanjani."

Sungura, kama mjuavyo, haingii katika jambo kwa miguu peke yake. Alikwenda kwa Tembo akaomba mechi ichezwe saa sita mchana. Alijua kwamba saa hiyo wenye makucha hulala usingizi wa pono. Simba alipoulizwa, alipiga miayo akasema, "Saa yoyote. Mimi nimezaliwa na nguvu zangu, sizitafuti."

Basi Kwato wakaanza mazoezi. Wiki ya kwanza walikimbia alfajiri, wiki ya pili jua likiwa limepanda kidogo, wiki ya tatu mchana wenyewe. Walipanda na kushuka kichuguu mpaka Ngiri, beki wao mnene, akapungua shingo. Kila waliposimama walikunywa funda mbili tatu, kisha wakaendelea. Kobe naye alihudhuria kila siku. Alikuwa akimaliza mzunguko wake wa kwanza wenzake wakienda nyumbani, lakini alihudhuria. Upande wa pili, Simba na wenzake walifanya mazoezi ya kugeuka kutoka ubavu wa kushoto kwenda wa kulia.

Na Fisi je? Fisi hakuwa na timu. Wenye makucha walimkataa wakisema atakula chakula cha timu. Wenye kwato walimkataa wakisema atakula timu yenyewe. Akabaki analia pembeni mpaka Mzee Tembo akamhurumia. Siku ya mechi, kabla ya kuviringisha jiwe juu ya kisima ili mtu asikiguse mpaka mshindi ajulikane, Tembo alichota vibuyu kumi vya maji. Vitano vilikuwa vya Kwato na vitano vya Makucha, vyote kwa ajili ya wachezaji.

"Fisi," akasema, "wewe huna upande. Utavitunza hivi."

Hilo lilikuwa kosa pekee alilofanya Mzee Tembo mwaka ule, lakini lilikuwa kubwa kama mwenyewe.

Fisi alivitazama vile vibuyu, akameza mate. Halafu akaziendea timu zote mbili kabla hazijaingia uwanjani, akakohoa kama mganga anayetaka kuheshimiwa.

"Jamani, nawapa ushauri wa bure. Mjomba wangu alikuwa akiwakanda wachezaji wa mbuga kubwa za kusini. Maji katikati ya mchezo ni hatari! Yanalegeza magoti. Yanajaa tumboni, unakimbia unasikika chubwi, chubwi, kama kibuyu. Mchezaji wa kweli husukutua akatema. Anayekunywa ni yule aliyechoka mapema."

Simba akacheka kwa dharau. "Mimi ninywe mbele za watu, kama ndama? Thubutu!"

Baada ya maneno hayo, nani tena angenyoosha mkono kuomba maji? Chui alikuwa na kiu, akanyamaza. Ngiri alikuwa na kiu, akanyamaza. Hata Sungura, aliyewanywesha wenzake wiki tatu nzima, aliangalia kulia na kushoto, akaona aibu kuwa wa kwanza kusema. Wachezaji ndivyo walivyo. Wako tayari kuvunjika mguu, ila si kuonekana walegevu.

Mzee Tembo akapiga filimbi kwa mkonga wake, na mpira wa nyuzi za mkonge ukaanza kuviringika.

Loo, Kwato walianza vizuri! Swala alipita winga ya kulia, akampiga Chui chenga moja mpaka Chui akaenda kumkaba Mbweha wa timu yake mwenyewe. Krosi ikaja, Sungura akaruka, masikio yakauelekeza mpira wavuni. Moja bila. Makucha wakajibu kwa nguvu. Simba alipiga mashuti matatu mfululizo, na yote matatu yakamganda Nungunungu, kipa wa Kwato, kwenye miiba. Refa alihesabu kwamba yamedakwa. La nne likampita chini. Sare, moja kwa moja.

Jua lilikuwa limesimama utosini. Swala alipita karibu na vibuyu akaomba, "Mwalimu Fisi, nisukutue tu."

Fisi akamdondoshea tone moja. "Utanishukuru baadaye, binti yangu."

Swala akarudi mbio. Alikuwa amewaacha mapacha wake chini ya kichaka, naye kila alipouona mpira aliona kisima cha asubuhi. Alikimbia ule wa kwanza, akakimbia wa pili, na katika wa tatu miguu ikaanza kwenda upande wake na yeye upande wake. Msuli wa paja ukamkaza. Akainuka. Akaenda hatua nne, akaanguka, na safari hii hakuinuka.

Sungura alimfikia wa kwanza. Pua ya Swala, ambayo siku zote huwa na unyevu, ilikuwa kavu kama gome. Ngozi ilikuwa ya moto, na macho yalimtazama Sungura bila kumwona.

"Usinitoe, kaka," Swala akanong'ona. "Watoto wangu..."

"Watoto wako wanataka mama, hawataki winga," Sungura akasema. Aliogopa kweli. Saa sita mchana aliichagua yeye mwenyewe, na sasa akili zake zilikuwa karibu kumtokea puani.

Alikimbia kwa Fisi. "Maji, haraka!"

"Maji kwenye mwili wenye moto?" Fisi akapiga kelele, akivikumbatia vibuyu. "Unataka kumwua? Mjomba wangu alisema..."

Sungura hakumsikiliza mjomba. Alikuwa anamtazama mpwa. Viumbe wote uwanjani walikuwa wamekauka midomo, lakini masharubu ya Fisi, aliyeketi juani tangu asubuhi, yalikuwa yanadondosha maji. Tumbo lake lilikuwa duara, limetuna. Sungura akaelewa yote mara moja. Akaelewa pia kwamba akimwita mwizi, Fisi atabisha, mashahidi wataitwa, na Swala atakufa wakati kesi inasikilizwa. Akageuka, akapaza sauti uwanja mzima usikie.

"Ndugu zangu wa Kwato! Mwalimu ametufundisha kwamba maji yanalegeza magoti. Basi sisi, kwa heshima na taadhima, tunawazawadia Makucha vibuyu vyetu vyote vitano. Wanywe wasibakishe!"

Simba manyoya yakamsimama. "Ati unilegeze mimi? Fisi! Chukua na vitano vyetu, uwapelekee hao. Wanywe mpaka wapasuke!"

"Wapelekee wao!" wakapiga kelele Kwato.

"Wapelekee hao!" wakanguruma Makucha.

Fisi alitazama huku akatazama kule. "Jamani, mbona haraka hivyo? Zawadi ni kitu cha kufikiriwa..."

"Wamepeana, wameridhiana," Mzee Tembo akasema. "Vilete vyote kumi. Sasa hivi."

Fisi akakiinua kibuyu cha kwanza. Alikiinua kwa mikono miwili, akiguna na kuyumba, uso umekunjamana, kama mtu aliyebeba jiwe la kusagia. Alikuwa mwigizaji mzuri, kwa kweli. Ila Kanga, kiungo wa Kwato, alikuwa karibu, akakigonga kibuyu kwa mdomo wake.

"Ko! Ko!" kikaitika.

Akagonga cha pili. Ko. Akagonga vyote vilivyobaki, na vyote vikaitika vivyo hivyo. Uwanja ukanyamaza kimya.

"Jua hili," Fisi akasema kwa sauti ndogo. "Jua limeyakausha." Akajaribu kurudi kinyumenyume, na katika ule ukimya kila mtu akalisikia tumbo lake. Chubwi. Chubwi.

Hata Simba alicheka, na Simba huwa hacheki mzaha wa mtu mwingine.

Mzee Tembo hakucheka. Alilisukuma jiwe la kisima kwa paji la uso. "Maji ya kesho yatapungua," akasema, "lakini sichezeshi mechi ya maiti." Akasimama juu ya Swala ili mwili wake uwe kivuli, akamnyunyizia maji mgongoni, na Sungura akamnywesha funda kwa funda, akamlambisha na chumvi ya jabali. Muda ulipita. Kisha pua ikarudi unyevu, Swala akafumbua macho, akauliza matokeo.

"Moja kwa moja," Sungura akamwambia. "Na wewe umeketi."

Tembo akaamuru wachezaji wote wanywe. Kwato wakanywa wakapumzika kivulini. Chui na wenzake walipiga hatua kuelekea kisimani, lakini Simba akatanda njiani.

"Nani kati yetu ni mlegevu?" akauliza. "Timu yangu hainywi katikati ya mechi, watu wakitazama."

Wakarudi, ulimi nje, macho nyuma.

Kipindi cha pili Kwato walikuwa sita, na wa akiba aliyebaki alikuwa mmoja tu. Kobe akaingia uwanjani. Makucha wakacheka mpaka wakashika mbavu, na hiyo ndiyo pumzi ya mwisho waliyoitumia ovyo. Wiki tatu za usingizi na mchana mmoja bila maji vilianza kuwadai. Mbweha alikaa chini bila ruhusa. Nyegere, beki wao, alianza kumkaba mtu asiyekuwepo. Simba alikuwa bado anatoa amri, lakini miguu yake haikuwa inazisikia.

Kivuli cha fimbo aliyoisimika Tembo kupimia muda kilipokaribia alama ya mwisho, mpira ulimwangukia Kobe katikati ya uwanja. Akaanza kwenda nao. Hakukimbia, kwa sababu hajui kukimbia. Alikwenda mwendo wake wa kila siku, ule wa kichuguuni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake uwanja mzima ulikuwa unakwenda mwendo huohuo. Alimpita Chui aliyeshika kiuno. Alimpita Nyegere. Akamfikia Simba, ambaye aliinua mguu wa mbele amzuie, akaufikiria ule mguu, akaurudisha chini.

"Samahani, Mheshimiwa," Kobe akasema, akapita.

Kipa wa Makucha alikuwa amejilaza kwenye kivuli cha mlingoti. Kobe akausukuma mpira ndani kwa pua. Mbili moja, na filimbi ikalia.

Kesho yake asubuhi Swala alitangulia kisimani na mapacha wake, akanywa maji meupe mpaka akaona sura yake humo. Maziwa yakarudi siku ileile. Simba alikuja baadaye, akasimama kwenye foleni ya tope akiangalia mawinguni kana kwamba amepita tu. Swala akamsogezea kibuyu cha maji safi. Simba akanywa, mbele za watu, mpaka chini.

Fisi alihukumiwa kuchota maji ya mazoezi ya timu zote mbili, vibuyu kumi, kila siku mpaka mvua irudi, na asionje hata funda moja. Siku ya kwanza alijidai anaweza. Siku ya tatu, akiwa na kibuyu cha saba mgongoni, magoti yakaanza kugongana. Aliketi chini mbele ya wachezaji wote, ulimi unagusa vumbi.

"Nipeni kidogo," akaomba. "Nakufa."

Sungura akatabasamu, akafungua mdomo. Bila shaka alikuwa na neno tamu juu ya magoti na mjomba wa kusini. Lakini Swala alimtangulia. Alichukua kibuyu, akakiinamisha kwenye mdomo wa Fisi, akamshika kichwa asipaliwe.

"Mnywesheni," akawaambia wenzake. "Anayekimbia juani lazima anywe. Nyie mnaona aibu kuomba, ndiyo maana mtu mmoja alimaliza vibuyu kumi peke yake."

Tangu siku hiyo, mpira ukichezwa Ndalala, refa husimamisha mchezo katikati ya kila kipindi, na wa kwanza kuletewa kibuyu ni nahodha, ili wengine wote waone anakunywa.